Upigaji picha za Zohali kutoka mjini

Upigaji picha za Zohali kutoka mjini ni shughuli ya kupiga picha za sayari ya Zohali na bangili zake kwa kutumia darubini ndogo inayowekwa uani, kwenye roshani au juu ya paa la nyumba. Nuru hafifu ya nebula na galaksi humezwa na taa za barabarani, lakini Zohali hung'aa vya kutosha kupigwa picha hata katikati ya jiji kubwa. Kizuizi kikuu si mwanga wa mji bali mtikisiko wa hewa iliyopo kati ya darubini na sayari.

Sayari zote nne kubwa za mfumo wa Jua zina bangili. Zile za Mshtarii, Uranus na Neptuni ni hafifu mno: za Uranus ziligunduliwa mwaka 1977, na za Mshtarii mwaka 1979 kupitia chombo cha angani Voyager 1. Kwa mtu mwenye darubini ya kawaida nyumbani, sayari yenye bangili anayoweza kuipiga picha ni Zohali.

Ukubwa wa Zohali angani

Zohali iko umbali wa takriban kilomita bilioni 1.2 hadi 1.7 kutoka Dunia. Ukubwa wa vitu angani hupimwa kwa nyuzi: nyuzi 1 ina dakika za tao 60, na dakika ya tao ina sekunde za tao 60. Mwezi mpevu una upana wa takriban sekunde za tao 1,800. Zohali inapokuwa karibu na Dunia, duara lake huwa na upana wa sekunde za tao 20 hivi, na bangili zake 44 hivi. Maana yake, bangili nzima zingepangwa mara 40 ili kufikia upana wa Mwezi.

Bangili kuu mbili, A na B, zimetenganishwa na Pengo la Cassini lenye upana wa takriban kilomita 4,800. Kutoka Duniani pengo hilo huonekana kuwa na upana wa robo tatu ya sekunde ya tao. Darubini yenye kipenyo cha milimita 100 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 1.2 hivi, na ile ya milimita 200 kwa sekunde 0.6. Kwa kuwa pengo ni jeusi katikati ya bangili angavu, hata darubini ndogo huweza kulionyesha kwenye ncha mbili za bangili. Ili kulipiga picha vizuri, kipenyo cha milimita 150 au zaidi kinafaa.

Mwanga wa mji na hewa ya mji

Hewa yenye joto tofauti hupinda nuru kwa viwango tofauti. Hewa hiyo inaposogea, picha ya sayari hutetemeka na kupoteza makali, kama kitu kinachotazamwa juu ya moto wa mkaa. Mjini tatizo huongezeka kwa sababu saruji, lami na mapaa huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Mtu anayepiga picha mjini hufaidika akizingatia yafuatayo:

- Kuweka darubini juu ya nyasi au udongo badala ya sakafu ya saruji, inapowezekana.
- Kuepuka kutazama juu ya mapaa ya jirani, majiko, au mashine za viyoyozi zinazotoa hewa moto.
- Kutoa darubini nje mapema, dakika 30 hadi saa 1 kabla ya kuanza, ili vioo vyake vifikie joto la hewa ya nje.
- Kusubiri hadi usiku wa manane, wakati joto la majengo limepungua.

Katika miji ya pwani unyevu huleta umande juu ya lenzi. Bomba refu la kadibodi au plastiki linalofungwa mbele ya darubini huchelewesha umande huo, na pia huzuia mwanga wa taa zilizo karibu.

Faida ya miji iliyo karibu na ikweta

Zohali huzunguka Jua kwa takriban miaka 29.5. Katika muda huo, mahali pake angani husogea hadi karibu nyuzi 22 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta ya anga. Mwaka 2018 ilikuwa upande wa kusini, na mjini London ilipofika juu kabisa haikuzidi nyuzi 17 hivi kutoka upeo wa macho. Katika kimo hicho nuru hupita katika hewa nyingi zaidi ya mara 3 kuliko ile ya utosini. Hewa hiyo pia hutawanya rangi, hivyo ukingo mmoja wa sayari huonekana mwekundu na mwingine wa buluu.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na Nairobi nyuzi 1.3. Katika miji hiyo Zohali, inapofika juu kabisa, haishuki chini ya nyuzi 60 mwaka wowote ule. Mpiga picha wa hapo hupata kila mwaka nafasi ambayo mwenzake wa Ulaya kaskazini huisubiri kwa miaka mingi. Tatizo dogo ni kwamba darubini nyingi za miguu mitatu huwa ngumu kuzungusha zinapoelekezwa utosini kabisa. Hapo inafaa kupiga picha saa moja au mbili kabla au baada ya sayari kufika juu.

Wakati bora ni Dunia inapopita kati ya Jua na Zohali, kwani sayari huwa karibu na huonekana usiku kucha. Hali hiyo hutokea kila baada ya siku 378 hivi, yaani huchelewa takriban wiki 2 kila mwaka: tarehe 21 Septemba mwaka 2025, na tarehe 4 Oktoba mwaka 2026. Miaka inayofuata itaangukia katika mvua za vuli za Afrika Mashariki. Hata hivyo umbali wa Zohali haubadiliki sana katika miezi ya jirani, hivyo picha nzuri zinaweza kupigwa pia Agosti na Septemba, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri.

Mlalo wa bangili

Mhimili wa Zohali umeinama kwa takriban nyuzi 27, kwa hiyo mlalo wa bangili hubadilika mwaka hadi mwaka. Kila baada ya miaka 13 hadi 16 bangili hutazamwa kwa ubavu na karibu kutoweka, kwani ni nyembamba sana. Hali hiyo ilitokea tarehe 23 Machi 2025. Tangu hapo upande wa kusini wa bangili unazidi kufunguka, na utaonekana kwa upana zaidi mnamo mwaka 2032.

Vifaa

Njia rahisi ni kushikiza simu kwenye lenzi ya macho ya darubini na kurekodi video. Darubini ya milimita 70 inayokuza mara 50 hivi inatosha kuonyesha kwamba sayari ina bangili.

Kwa picha bora zaidi hutumika kamera ndogo ya sayari inayounganishwa na kompyuta badala ya lenzi ya macho. Picha hukuzwa kwa lenzi ya Barlow. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuzidisha upana wa pikseli, kwa mikromita, kwa 5 ili kupata uwiano wa fokasi unaofaa. Kamera yenye pikseli za mikromita 2.9 huhitaji takriban f/15, na hewa ikiwa mbaya hata f/10 inatosha. Kwa darubini ya milimita 200 yenye f/15, bangili huchukua upana wa pikseli 220 hivi.

Kurekodi na kuchakata

Picha moja ya Zohali karibu kila mara hutoka na ukungu. Kwa hiyo hurekodiwa video ya maelfu ya picha fupi sana, na zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia huchaguliwa. Mwaka 1978 David L. Fried alichapisha hesabu ya uwezekano wa kupata picha kali ya namna hiyo.

1. Video hurekodiwa kwa dakika 2 hadi 3. Zohali hujizungusha kwa saa 10 na nusu hivi. Katika dakika 3 mawingu ya katikati ya duara husogea takriban kilomita 1,800, yaani chini ya theluthi moja ya sekunde ya tao. Video ndefu zaidi huanza kufifisha alama za mawingu.
2. Programu kama AutoStakkert! hupanga picha zote kwa ubora na kuunganisha zilizo bora, kwa mfano asilimia 10 hadi 25.
3. Picha iliyounganishwa hunolewa kwa programu kama RegiStax.

Hatua ya kunoa ndiyo inayopotosha zaidi. Ikizidishwa huzaa mistari ambayo haipo angani. Pengo la Encke, lililo karibu na ukingo wa nje wa bangili A, lina upana wa kilomita 325 tu; mstari mwembamba unaotokea hapo katika picha ya darubini ndogo mara nyingi umeletwa na programu. Njia ya kuhakikisha ni kurekodi video mbili au tatu mfululizo na kuzichakata kila moja peke yake. Alama isiyoonekana katika zote haiaminiki.

Umuhimu kwa sayansi

Mjini hapakuwa kikwazo hata zamani. Katika miaka ya 1880 ndugu Paul na Prosper Henry walipiga picha za Zohali katika Paoneaanga pa Paris. Tarehe 3 Agosti 1933 mchekeshaji Mwingereza Will Hay, aliyekuwa mwanaastronomia wa ridhaa, aligundua doa kubwa jeupe juu ya Zohali kwa darubini yake ya inchi 6 nyumbani kwake Norbury, kusini mwa London. Doa hilo lilikuwa dhoruba. Nyingine iligunduliwa na Stuart Wilber, naye wa ridhaa, mwaka 1990 nchini Marekani. Dhoruba ya Desemba 2010 ilinaswa na chombo cha Cassini na pia na wapiga picha wa ridhaa.

Chombo cha Cassini kilimaliza kazi yake tarehe 15 Septemba 2017 kwa kuingia katika angahewa ya Zohali. Tangu hapo hakuna chombo kinachoizunguka sayari hiyo, na darubini kubwa huitazama kwa nadra. Dhoruba mpya inaweza kuonekana kwanza katika picha iliyopigwa uani. Ili picha iwe na thamani ya kisayansi huandikwa tarehe na wakati wa katikati ya video kwa saa za UTC (saa za Afrika Mashariki kutoa 3), kipenyo cha darubini na mahali ilipopigwa. Picha kama hizo hupokelewa na Shirika la Astronomia la Uingereza (BAA), lililoanzishwa mwaka 1890, na na hifadhi ya PVOL ya Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque nchini Hispania.