Intaneti ya simu safarini: Laini ipi kwa njia ya Tunduma hadi Lubumbashi?

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita katika mitandao ya simu ya nchi tatu: Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila anapovuka mpaka simu yake hutafuta mtandao mpya yenyewe. Asipojiandaa, salio la wiki nzima linaweza kwisha kabla lori halijatoka Nakonde.

Hasara haiishii kwenye vocha. Wakala wa forodha anaposubiri picha ya nyaraka na dereva hana intaneti, lori hubaki kwenye foleni. Kila siku ya kusimama ina gharama yake: posho ya dereva, tozo ya kuchelewesha kontena na mteja anayeanza kutafuta msafirishaji mwingine.

Kwa nini salio huisha haraka

Mwenye laini ya Tanzania akiingia Zambia, laini hiyo hupokelewa na kampuni ya simu ya huko. Hii ndiyo huitwa rominga. Kampuni ya Zambia huidai ile ya Tanzania, nayo humkata mteja wake. Ndiyo maana bei ya megabaiti moja bila kifurushi cha rominga huwa kubwa kuliko ya nyumbani, na kifurushi cha kawaida kilichonunuliwa Dar es Salaam kwa kawaida hakitumiki ng'ambo.

Simu nayo hula data hata ikiwa mfukoni. Programu hujisasisha, picha hujihifadhi mtandaoni na video za makundi ya WhatsApp hujipakua bila mwenye simu kugusa kitu.

Tatizo huweza kuanza hata kabla ya kuvuka. Tunduma na Nakonde ni miji iliyopakana, na mawimbi ya mnara hayasimami kwenye geti. Simu iliyo upande wa Tunduma inaweza kunasa mtandao wa Zambia na kuanza kukata kwa bei ya rominga. Hali ni hiyo hiyo kwa wakazi wa Namanga, Holili na mipaka mingine.

Njia tatu za kuchagua

Ya kwanza ni kifurushi cha rominga kutoka kampuni ya nyumbani. Kinamfaa mfanyabiashara anayekwenda siku moja au mbili na anayetaka kupatikana kwa namba yake. Kabla ya kulipa, aulize mambo matatu: nchi zinazohusika, mtandao upi wa nchi hiyo, na muda wa matumizi.

Ya pili ni kununua laini ya nchi anakokwenda. Kwa dereva anayepita mara kwa mara, mara nyingi hii ndiyo nafuu zaidi. Zambia kuna Airtel, MTN na Zamtel. Kongo kuna Vodacom, Airtel na Orange. Jina moja la kampuni lisimdanganye mtu: laini ya Vodacom ya Tanzania ikiwa Lubumbashi bado iko kwenye rominga.

Laini isajiliwe kwa pasipoti ya msafiri mwenyewe, katika duka au kwa wakala anayetambulika. Laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine inaweza kufungwa wakati wowote, na fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu si rahisi kuzidai.

Ya tatu ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayopakuliwa kwenye simu kabla ya safari. Inahitaji simu inayoikubali, na nyingi ni za data tu, bila namba ya kupigiwa.

Kwa wanaokwenda kaskazini, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mwaka 2014 mpango wa kushusha gharama za kupigiana simu kati yao. Mpango huo ulianza na sauti, hivyo bei ya data iulizwe peke yake.

Kiasi gani kinatosha?

Picha 20 za nyaraka kwa WhatsApp huchukua takriban megabaiti 6. Maongezi ya dakika 20 kwa WhatsApp, bila video, hayazidi megabaiti 20. Ramani na ujumbe zikiongezwa megabaiti 10, jumla ni 36 kwa siku, au 360 kwa safari ya siku 10. Kwa kazi peke yake, megabaiti 500 zinatosha. Saa moja ya video safi inaweza kumaliza zaidi ya hizo.

Kuandaa simu

Kabla ya kufika mpakani, msafiri azime rominga ya data kwenye laini ya nyumbani na achague mtandao wake mwenyewe badala ya kuiachia simu. Azime pia upakuaji wa video na usasishaji wa programu.

Mwenye simu ya laini mbili aiache ya nyumbani ndani, kwa ajili ya ujumbe wa benki na namba za siri za muda, kisha aelekeze data kwenye laini mpya. WhatsApp ikiuliza kama abadilishe namba, akatae. Wateja wataendelea kumpata kwa namba ile ile.

Intaneti ikigoma ilhali kifurushi kipo, mara nyingi kosa ni mipangilio ya APN, yaani jina la lango ambalo simu hupitia kuingia kwenye intaneti. Muuzaji wa laini huweza kuiweka kwa dakika chache.

Kwa hiyo msafiri asiondoke dukani kabla hajatuma picha moja kwa wakala wake na kujibiwa. Tatizo likijitokeza porini kati ya Nakonde na Mpika, wa kumsaidia hatakuwa karibu.