Tofauti za Rika katika Kiswahili cha Kazini: Mfano wa Isebania

Kabla ya 1985, Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ndio uliokifanya somo la lazima. Kwa hiyo huko Isebania, mtumishi anayekaribia kustaafu aghalabu alijifunza lugha hii sokoni na kwa jirani wa Sirari, Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Kijana aliipata darasani. Kijana hulaumu upatanisho wa ngeli wa mzee. Mzee hulaumu maamkizi ya kijana, maana “shikamoo” haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Kila mmoja ana hoja. Mzee akistaafu bila kusikilizwa, ofisi hupoteza ujuzi usioandikwa katika kitabu chochote cha sarufi.