Nani Mwenye Shamba? Lugha, Wadau na Modeli za Kompyuta katika Kilimo cha Masisi na Walikale

Utangulizi

Modeli ya kompyuta katika utafiti wa kilimo ni maelezo ya shamba yaliyogeuzwa kuwa hesabu. Mtafiti huingiza viwango vya mvua, rutuba ya udongo, nguvukazi na magonjwa, kisha hueleza jinsi kila kimoja kinavyoathiri kingine. Kompyuta huonyesha yanayoweza kutokea baada ya misimu kadhaa, bila mkulima kuhatarisha chakula chake kwa majaribio. Makala haya yanafafanua kwa nini kazi hiyo, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, haiwezi kuachiwa wataalamu peke yao, na kwa nini suala la lugha limo katika kiini chake.

Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye eneo lisilofika kilometa za mraba 5,000. Walikale, iliyo magharibi yake, ni nchi ya misitu, na eneo lake linapita kilometa za mraba 23,000. Wakazi huzungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo na lugha nyinginezo. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ripoti. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni na mkutanoni. Modeli hujengwa kwa lugha ya ripoti, lakini ujuzi inaouhitaji umo katika lugha za shambani.

Mgomba au shina?

Mfano mzuri ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, na mwaka 2001 ulionekana Masisi. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na miche iliyoambukizwa, na hata panga la mkulima mwenyewe. Ushauri uliotolewa mwanzoni ulikuwa kung'oa shina zima: mama, mtoto na mjukuu. Wakulima wengi walisita, kwani kazi hiyo ni nzito, na familia hubaki bila ndizi kwa muda mrefu.

Modeli inayochukua shina kuwa kizio kimoja cha hesabu huchukulia kwamba mgomba mmoja ukiugua, shina lote limekwisha. Hata hivyo, utafiti uliofanywa baadaye, ukiwemo wa Kivu ya Kusini, ulionyesha kwamba bakteria hawafikii kila chipukizi la shina. Ndipo ikapendekezwa njia ya kukata mgomba mgonjwa tu, usawa wa ardhi, kwa panga lililosafishwa kwa moto au jiki, na kurudia kila dalili zinapotokea. Kwa hiyo tofauti kati ya kung'oa na kukata, na kati ya shina na mgomba, ni tofauti ya kizio cha hesabu; na kwa mwenye migomba ni tofauti ya njaa na shibe. Kusita kwa mkulima kulistahili kuchukuliwa kuwa taarifa, wala si ukaidi.

Maana mbili za "mwenye shamba"

Neno la pili linalohitaji uangalifu ni mwenye shamba. Katika Kiswahili laweza kumaanisha anayelima au anayemiliki. Huko Masisi maana hizo mbili mara nyingi ni watu wawili. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia huko maelfu ya familia kutoka Rwanda. Sheria ya Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na wenye uwezo wakajipatia mashamba makubwa kwa hati. Machi 1993 mapigano yalizuka Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi. Tangu mwishoni mwa 2021 vita vya kundi la M23 vimewahamisha watu wengi zaidi.

Mkulima anayekodi ardhi kwa msimu mmoja hapandi miti ya kuhifadhi udongo, kwa kuwa hana hakika ya kuwapo itakapokua. Aghalabu haruhusiwi hata kuipanda. Modeli isiyojua hali hiyo itamtaja kuwa mtu asiyependa mabadiliko, na itatoa ushauri ulio sahihi kwa udongo lakini usiomfaa anayeulima.

Namna ya kushirikisha

Njia za kushirikisha zipo. Katika miaka ya 1990, Olivier Barreteau na François Bousquet, watafiti wa Ufaransa, waliigeuza modeli ya mashamba ya umwagiliaji katika bonde la mto Senegal kuwa mchezo. Wakulima walishika nafasi mbalimbali, wakazielewa kanuni zilizofichika ndani ya kompyuta, na wakaweza kuzipinga. Nchini Kenya, Pablo Tittonell alichunguza jinsi rutuba inavyotofautiana kati ya mashamba ya karibu na nyumba na yale ya mbali, na kati ya kaya tajiri na maskini. Tasnifu yake ya Wageningen ya mwaka 2007 inaanza kwa jina la Kiswahili, Msimu wa Kupanda.

Ushirikishwaji basi una ngazi nne: kuchagua swali, kutaja vitu vitakavyohesabiwa, kuyapima matokeo kwa uzoefu, na kuamua yatumikeje. Mkulima akiitwa katika ngazi ya nne tu, ameitwa kupiga makofi. Aidha, wanaoitwa wasiwe machifu na wenye hati peke yao. Wanawake, wapangaji na waliohamishwa nao wana ujuzi wao. Ipo pia hatari: ramani ya nani analima wapi, katika nchi yenye vita vya ardhi, yaweza kugeuka silaha. Wanaotoa taarifa lazima wawe na haki ya kusema nini kisiandikwe.

Hitimisho

Kompyuta huhesabu kile tu kilichopewa jina. Kazi ya mwanaisimu katika utafiti wa aina hii, kwa hiyo, haianzi pale ripoti inapohitaji kutafsiriwa. Inaanza siku maneno shina na mwenye shamba yanapoingizwa kwenye hesabu, mbele ya wale wanaoyatumia.