Watamu Maji Yakipwa

Mgeni akiniuliza saa nzuri ya kutembea ufukweni Watamu, kwanza nami humwuliza mwezi una siku ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na maji hushuka zaidi ya mita tatu. Siku za maji mafu hayaendi mbali, na mgeni huona mchanga mweupe tu. Wengi hurudi makwao wakidhani hiyo ndiyo Watamu yote.

Bamvua ikipwa, mwamba hutokeza. Vile visiwa vidogo vya matumbawe ya kale, vilivyoliwa na mawimbi kwa chini hadi vikawa kama uyoga, vingine utavifikia kwa miguu. Vaa viatu vya mpira, kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe. Chagua kidimbwi kimoja, uchutame, utulie. Mwanzoni huoni kitu. Kisha kombe linaanza kutembea: ndani mna kaa mwenye tumbo laini lisilo na gamba, aliyejisitiri humo na ambaye akikua atatafuta kombe kubwa zaidi. Kiti cha pweza kimelala penye majani ya bahari. Jongoo bahari anameza mchanga, anafyonza chakula kilichomo, kisha anautoa nyuma ukiwa safi.

Ndiyo maana nikimwona mtu anajaza makombe mkobani moyo huniuma. Lile kombe tupu kuna kaa analihitaji. Tena sheria imekataza: hii ni hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1968, pamoja na ile ya Malindi, na hizo ndizo za kwanza nchini Kenya.

Ufukwe huohuo kasa hupanda usiku kutaga. Jike huchimba shimo juu ya mstari wa maji, hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi, hufukia na kurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kukimbilia penye mwanga, maana tangu zamani palipokuwa na mwanga usiku ndipo palipokuwa na bahari. Taa ya baraza ya hoteli huwapoteza. Ukilala nyumba inayotazama pwani, zima taa ya nje. Na ukimkuta kasa anapanda, usimmulike tochi wala simu. Akishtuka huenda akageuka bila kutaga.

Mchana ukipata nafasi, nenda hori ya Mida, kusini kidogo. Kuna daraja la mbao linalokatiza mikoko, na ukilipita taratibu utaona mbegu za mkoko, ndefu na za kijani, zimekwisha kuota zikiwa bado zinaning'inia mtini. Maji yakipwa, tope hujaa ndege: sululu na wenzake waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaa kwenye mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika.

Popote utakapokuwa, geuka mara maji yanapoanza kujaa. Njia uliyopita kwenda kisiwani huzama kabla kisiwa chenyewe hakijaguswa, na kwenye mlango wa Mida mkondo ni mkali hata kwa mwogeleaji hodari.