Uji mwepesi wenye unga mwingi: siri iko kwenye kimea

Tuanze na ugomvi wa jikoni. Mimi napenda uji wa ulezi, mzito, wenye ndimu. Mwenzangu ninayeishi naye anataka wa mahindi, mwepesi, wa kunywea kikombeni. Kwa sisi watu wazima hayo ni mapenzi tu, kila mtu na wake. Lakini mtoto wa dada yangu alipofikisha miezi 6 na kuanza kulishwa, swali la "mzito au mwepesi?" likawa la kisayansi kabisa.

Fikiria kinachotokea sufuriani. Unga una chembe ndogo ndogo za wanga. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, chembe hizo hunywa maji, huvimba, na uji unashikana. Yaani unga kidogo tu unashika maji mengi.

Hapo ndipo shida inapoanza. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi anajaa kwa mililita 240 hivi, kikombe kimoja. Uji mzito unamshinda kumeza, mama anaongeza maji. Mtoto anamaliza kikombe, tumbo linajaa, kumbe sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana kliniki wanasisitiza uji ushike kwenye kijiko.

Je, unaweza kupata uji laini bila kupunguza unga? Waulize wapika mbege wa Kilimanjaro: wanatumia kimea cha ulezi. Punje ikiota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi ili mche upate chakula. Vipande vifupi havishikani kama minyororo mirefu, kwa hiyo uji unalegea huku unga ukibaki uleule.

Kukiandaa si kazi kubwa. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uote. Anika ukauke kabisa, sugua kuondoa mizizi, saga. Kisha pika uji mzito, epua, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utauona unalegea. Urudishe motoni uchemke tena, maana vijidudu navyo hupenda unyevu wa kuoteshea.

Usitie kimea uji ukiwa unatokota. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo, nikakoroga mpaka mkono ukachoka, uji ukabaki vilevile. Joto kali lilikuwa limeshaharibu kimeng'enya.

Tahadhari mbili. Ukiona ukungu, tupa punje zote, kwa sababu kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Na kwa mtoto, otesha ulezi, usioteshe mtama: machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi.

Kimea hakiongezi protini. Mtoto bado anahitaji maziwa ya mama, maharage, dagaa au yai. Ila kikombe chake kile kidogo sasa kitabeba chakula zaidi na maji pungufu. Sisi wakubwa tuendelee kugombana.