Somo Lisilokatizwa Si Anasa

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Yeyote atazamaye video mtandaoni bila kutoa hata ndururu, akadhani kwamba ametendewa hisani, hana budi kuutafakari msemo huo. Tovuti za video hazitozi kiingilio mlangoni, lakini huweka tangazo la biashara mwanzoni, jingine katikati, na pengine la tatu kabla ya tamati. Asiyeitaka kero hiyo huelezwa kwamba ipo njia ya kuiepuka: alipe ada ya kila mwezi, na matangazo yatakoma. Swali ninalotaka kuliuliza, hasa kwa niaba ya walimu na wanafunzi wa Meru na Embu, ni hili: je, utulivu wa somo ni bidhaa ambayo kila mtoto anapaswa kujinunulia kivyake?

Yafaa tukubali kwanza kwamba biashara ya namna hii si ngeni kwetu. Watu wa makamo watakumbuka magari ya sinema yaliyozuru vijiji vyetu zamani. Pazia jeupe lilitundikwa katika uwanja wa shule au sokoni, na wakubwa kwa wadogo wakatazama bila kutozwa senti. Baina ya filamu moja na nyingine zilisifiwa sabuni, dawa ya meno na majani chai, kwa maana wenye bidhaa hizo ndio waliogharamia safari. Mjini, kwenye majumba ya sinema, mtazamaji alitoa kiingilio. Tangu hapo, basi, tulizijua njia mbili za kulipia picha: kulipa kwa fedha, au kulipa kwa macho na masikio.

YouTube, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, imezishika njia zote mbili. Mnamo Oktoba 2015 ilizindua nchini Marekani huduma ya dola 9.99 kwa mwezi kwa wasiotaka matangazo, na tangu 2018 huduma hiyo inaitwa YouTube Premium. Si haki kuwabeza wanaoilipia. Mwenye video ndefu aliyekubaliwa katika mpango wa kugawana mapato hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayowekwa humo. Vilevile, sehemu ya ada za wanaolipa hugawiwa wenye video kulingana na muda ambao kazi zao zimetazamwa. Mwimbaji wa Kimeru, mchekeshaji wa Kiembu na mwalimu anayechambua riwaya teule wanaweza kupata riziki kwa njia hiyo. Wale wanaotumia programu za kuzuia matangazo bila kulipa chochote wajue kwamba wanamnyima mwenzao jasho lake. Mla cha mwenzake na chake huliwa.

Hata hivyo, yanayokubalika katika burudani si lazima yakubalike darasani. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo redioni, kwenye runinga na pia YouTube. Tangu wakati huo, wanafunzi wengi wameizoea video kama kitabu cha ziada. Mwalimu akieleza jambo asubuhi na likamshinda mwanafunzi, yeye hulitafuta tena jioni kwenye simu. Hilo ni jambo jema, nami nalipongeza.

Tatizo ni kwamba simu hiyo aghalabu ni ya baba au ya mama. Tovuti haijui kwamba aliyeishika saa mbili usiku ni binti wa kidato cha tatu. Inamjua mwenye akaunti tu, na yale anayoyapenda. Matangazo humfuata baba hata pale ambapo msomaji ni mtoto. Fikiria mwanafunzi anayejifunza hesabu za uwezekano, yaani kwa nini mtu arushaye sarafu hawezi kuitawala bahati. Kabla mwalimu hajaumaliza mfano wake, linachomoza tangazo la kamari likimwahidi utajiri kwa shilingi chache. Tangazo limebomoa kile ambacho mwalimu alikuwa akikijenga.

Hatari ya matangazo ya aina hiyo imekwisha kutambuliwa na serikali yenyewe. Mwishoni mwa Aprili 2025, bodi ya kudhibiti kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Huko Marekani nako, Google na YouTube zilikubali mwaka wa 2019 kulipa dola milioni 170 kwa madai ya kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi. Kuanzia Januari 2020, video zilizotajwa kuwa za watoto haziwekewi matangazo yanayomfuata mtazamaji. Lakini somo la hisabati la sekondari halihesabiwi kuwa video ya watoto wadogo, kwa hivyo kinga hiyo haimfikii binti tuliyemtaja.

Isitoshe, mwanafunzi maskini hutozwa mara mbili. Tangazo nalo ni video, na huletwa kwa bando lile lile lililonunuliwa na mzazi. Tuseme somo ni la dakika ishirini na matangazo yanachukua dakika mbili. Wanafunzi hamsini wa darasa moja wakilitazama kila mmoja nyumbani kwao, dakika mia moja zitakuwa zimepotea, ambazo ni sawa na vipindi viwili na nusu vya dakika arubaini. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Mtoto wa mjini Meru ambaye mzazi wake hulipa ada ya mwezi husoma bila kukatizwa. Mwenzake wa Mutuati kule Igembe, au wa Kiritiri kule Mbeere, hulinunua tangazo kwa fedha zake na kulitazama kwa muda wake. Wote wawili watakalia mtihani mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu anayechukia matangazo asiyaweke kwenye video zake. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Kwa masharti ambayo YouTube iliyaanza Marekani mwishoni mwa 2020 na kuyaeneza katika nchi nyingine mwaka wa 2021, kampuni hiyo inaweza kuweka tangazo hata kwenye video ya mtu asiyekuwa katika mpango wa mapato, naye asipate kitu. Mwalimu wa kijijini anayejitolea kuwafunza watoto wa watu hana uamuzi.

Wengine watadai kwamba maisha yamejaa matangazo, kwa hivyo watoto wayazoee. Mimi naafiki kwamba mwanafunzi afundishwe kulichambua tangazo: ni nani anayesema, anauza nini, na ameficha nini. Lakini hilo liwe somo lenye saa yake, wala lisiwe shambulio la kuvizia katikati ya somo jingine.

Nionavyo mimi, suluhisho si kumwambia kila mzazi alipe. Shule ya msingi ambayo mgao wake wa serikali umewekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima haiwezi kuwalipia watoto wake ada za kila mwezi. Wala walimu hawawezi kujifanya jamaa moja, kwa kuwa kifurushi cha familia kimekusudiwa watu wanaoishi nyumba moja. Panahitajika mpango wa pamoja.

Kwanza, somo lililoandaliwa kwa fedha za umma lipatikane mahali pasipo na matangazo. KICD tayari inayo hazina yake ya masomo mtandaoni. Ijazwe, itangazwe kwa walimu, na masomo yake yaruhusiwe kupakuliwa mara moja, yatiwe kwenye flashi na kuonyeshwa darasa zima bila bando. Pili, Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na vyuo vya walimu vya Egoji, Meru na Kigari viwape wanafunzi wao kazi ya kutayarisha masomo ya aina hiyo, yenye mifano ya mashamba na masoko yetu. Tatu, maktaba za umma ziwe vituo vya kuyachukulia.

Mtu mzima anayelipa ili aburudike kwa utulivu ana uhuru huo, na anayevumilia matangazo ana wake. Lakini hatujapata kumruhusu mchuuzi aingie darasani mwalimu akiwa ubaoni, akanadi bidhaa zake, kisha akawatoza wanafunzi nauli ya kuja kwake. Tusimruhusu kwa sababu tu amepitia dirisha la simu.