Herufi za risasi zimekwisha, amana ya mpiga chapa ingalipo

Ndugu msomaji, ukimwona ami yangu leo amekaa barazani kwake Mji wa Kale, Mombasa, kofia kichwani, miwani imeshuka puani na kompyuta ndogo mapajani, utadhani ni mzee aliyeshikwa na mchezo wa vijana. Kumbe yu kazini, na kazi yenyewe ni ile ile aliyoianza mwaka 1962, alipokuwa kijana wa miaka 17: kazi ya kupiga chapa. Kilichobadilika ni chombo. Zamani chombo chake kilikuwa risasi na wino. Leo ni umeme, na yale aliyokuwa akiyachapa katika karatasi huyatia katika ukurasa wake wa mtandaoni, yaani blogu.

Katika safari hiyo ndefu yamo makosa mawili ambayo hatujayasahau. Moja ni langu, la pili ni lake. Nayaeleza kwa kuwa nadhani yanamhusu kila mwenye simu mfukoni.

Mimi nilizaliwa mwaka 1970. Nilipotoka chuoni alasiri, juzuu kwapani, nilipenda kupita katika kiwanda kidogo alichofanyia kazi ami. Herufi zilikaa katika masanduku mapana yenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Ami alisimama mbele yake, mkono wa kushoto umeshika chuma cha kupangia maneno, na ule wa kulia ukidonoa herufi moja moja. Hakuwa akitazama. Vidole vilijua njia, na mistari aliisoma juu chini bila ya taabu. Hapo zilitoka kadi za arusi, matangazo ya maulidi, risiti za maduka, na kila Ramadhani ikikaribia, karatasi ya saa za swala na futari.

Kazi ikishachapwa, herufi husafishwa na kurudishwa vijumbani zitumike tena. Kazi hiyo ndiyo niliyopewa mimi, kwa ujira wa senti za kununulia kashata. Mwaka 1980, mwezi wa Ramadhani ulipoingia katikati ya Julai, nilirudisha tarakimu kwa pupa ya mtoto anayetaka kwenda kucheza, nikaitupa 1 katika kijumba cha 2. Kidole cha ami kikaiokota kikiamini kuwa ni 2. Msomaji wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kushika karatasi ya asili huku mwenzake akisoma prufu kwa sauti, siku hiyo alikuwa mgonjwa. Basi karatasi 500 zikatoka, na siku moja ndani yake Magharibi ilisomeka 12.16 badala ya 12.26.

Katika kadi ya arusi dakika kumi si kitu. Bwana arusi mwenyewe huchelewa kuliko hapo. Lakini katika saumu, dakika kumi ni siku nzima. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kufuturu kabla ya jua kuchwa, hata kwa kukosea, inampasa kuilipa siku ile. Muadhini mmoja ndiye aliyeliona kosa, zikisalia siku tatu. Ami hakunipiga wala hakunikemea. Alinipandisha nyuma ya baiskeli, tukapita msikiti kwa msikiti na duka kwa duka, tukizikusanya zile karatasi na kutoa nyingine. Kila mlango aliobisha alisema, "Kosa ni letu, tusameheni." Usiku wa pili hesabu ikatimia isipokuwa karatasi saba, na wenye saba hizo tulipelekewa habari zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwenye kiwanda akaleta kompyuta. Herufi zikauzwa kwa kilo, na wavuvi wakazinunua kwenda kuyeyushia chubwi za mishipi yao. "Herufi zetu zimekwenda kuvua samaki," ami akasema, akacheka, lakini jioni ile hakula. Wenziwe wawili waliacha kazi. Yeye, akikaribia miaka 50, aliketi karibu na kijana wa umri wa mwanawe akafundishwa kupanga kurasa kwa PageMaker, programu iliyotolewa Marekani mwaka 1985 na kampuni ya Aldus. Alipoambiwa kuwa kampuni hiyo ilijiita kwa jina la Aldus Manutius, mpiga chapa wa kale wa Venice, moyo wake ukatulia kidogo. Akaona kumbe wageni hawa wanawajua wazee wa kazi.

Na kweli wanawajua. Programu moja ya mwanzo mwanzo ya kuandikia blogu, iliyotoka mwaka 2001, ilipewa jina la Movable Type, maana yake herufi za kupanga na kupangua, kama zile nilizozirudisha vijumbani. Nyingine, WordPress ya mwaka 2003, imelitia neno la chapa ndani ya jina lake, na mwaka 2018 sehemu yake ya kuandikia ikaitwa Gutenberg, kwa kumkumbuka yule Mjerumani wa Mainz aliyechapa kwa herufi za kupanga katika karne ya 15.

Mwaka 2009 nyaya za mtandao zilizopita chini ya bahari zilifika pwani ya Mombasa, mmoja ukitokea Fujairah, katika bahari ile ile waliyoipita manahodha wetu. Mwaka uliofuata ami akaanzisha blogu yake: historia ya mitaa, habari za maiti na arusi, na zile saa za Ramadhani. Watu walimcheka. Mimi nilimkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1930 alitoa Sahifa na mwaka 1932 akaanza Al-Islah hapa hapa Mombasa, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanachuoni mkubwa hakuona aibu kushika chombo kipya ili neno lake lifike.

Sasa nalifikia kosa la pili. Ramadhani ya mwaka 2020 misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na watu wengi walitegemea simu zao. Ami, peke yake usiku, alinakili safu ya saa za Nairobi akaiweka chini ya jina la Mombasa. Sisi tuko mashariki ya Nairobi kwa karibu digrii tatu, na kila digrii ni dakika nne za jua, hata saa zetu hutangulia zao kwa kiasi cha dakika kumi, zikizidi au kupungua kwa majira. Mwenye kuifuata safu ile angekula daku na alfajiri imekwisha kuingia.

Jirani akapiga simu, na ami akasahihisha kwa dakika tatu. Angalia tofauti: mwaka 1980 tulihitaji siku mbili, na hapa dakika tatu! Lakini katika muda huo mdogo watu walikwisha kuipiga picha ile safu na kuirusha kwa WhatsApp. Ikafika Malindi, ikafika Lamu, ikafika kwa jamaa zetu wa Maskati wakaturudishia sisi wenyewe kama habari mpya. Kwa siku nne ami alikesha akiwapigia watu simu.

"Mwanangu," akaniambia, "zile za zamani nilizijua, zilikuwa mia tano. Hizi sizijui idadi, wala sijui zimelala nyumba ya nani."

Tangu siku hiyo amerudisha desturi ya kiwandani. Hakitoki kitu mpaka anisomee kwa simu, neno kwa neno, nami nimeshika asili. Kosa likipatikana baadaye, halifuti kimya kimya. Huandika juu ya ukurasa kuwa palikuwa na kosa, siku fulani, saa fulani. Na kila alichokitoa hupiga nakala moja ya karatasi akaiweka sandukuni, maana kurasa za mtandao nazo hufa pasi na matanga.

Ndugu zangu, sasa kila mmoja wetu ni mpiga chapa, ila wengi hatukupita mikononi mwa fundi. Kwa hivyo nawaachia ubeti huu:

Chombo kikibadilika, ufundi ndiwo asili,
Neno ukishaandika, lisome mara ya pili,
Na jirani kadhalika, alisome kwa akili,
Likitoka limetoka, kulirejesha muhali.